Wanasifu Ugonjwa Wangu Wakidhani ni Wimbo

Bi Thirza mpendwa,

Nisaidie kabla sijamrushia mtu birika, maana moja nimeshalirusha na limevunjika, na lilikuwa la mama yangu. Mimi ni Avril Hedley wa kule juu Whinlaw, mwimbaji wa nyimbo za kale. Najua wanaokuandikia huwa wanajiita Mwenye Huzuni au Aliyekata Tamaa, lakini jina langu usilifiche. Limeshaandikwa magazetini kwa herufi kubwa na watu wasionijua, basi na wewe liandike, angalau safari hii litoke pamoja na maneno yangu mwenyewe.

Habari umeshaisikia, bonde zima limeisikia. Albamu yangu mpya, ile tuliyoiita Lango la Juu, imesifiwa, na haikusifiwa kidogo. Gazeti kubwa la London limeipa nyota tano, redio wameipiga mpaka ng'ombe wameizoea, na bwana mmoja mhakiki anayeitwa Crispin Vaisey, ambaye sijawahi kumwona na hajawahi kukanyaga tope la huku kwetu, ameandika kwamba "hatimaye Avril Hedley ameipata sauti yake". Hatimaye! Nina miaka sitini na tatu, nimeimba tangu nikisimamishwa juu ya kiti ili watu wa nyuma wanione, na hiyo sauti anayosema nimeipata, Bi Thirza, ndiyo niliyoipoteza.

Ngoja nianze mwanzo nisije nikaruka mambo kwa hasira. Sauti yangu ya zamani unaijua, uliisikia kwenye maziko ya mama yako, ilikuwa safi, sijisifu, ndivyo watu walivyosema, nilikuwa napanda juu kama mbuzi anavyopanda jabali na nikishuka sitikisiki, na kwa sauti hiyo nikatoa albamu baada ya albamu, mdogo wangu Colin akinipigia kodiani, na hao hao wahakiki wa London ama walinyamaza kimya ama waliandika mistari miwili pembeni karibu na matangazo ya sabuni, mmoja wao akasema naimba "nadhifu mno, kama kitambaa cha meza kilichopigwa pasi". Nikameza. Nikasema moyoni nyimbo hizi ni za wachunga kondoo na wachimba makaa, hazikutungwa kwa ajili ya London, zitaishi bila wao. Tukaendelea kuzunguka kumbi za vijiji, watu wanakuja na biskuti zao kwenye mikebe, mbwa wamelala chini ya viti, tukimaliza tunakunywa chai na wenyeji, tunarudi nyumbani roho kwatu.

Halafu mwaka jana, kondoo walipokuwa wanazaa, koo likaanza kukwaruza. Nikadhani ni baridi ya zizini, nikanywa asali na ndimu, nikajifunga skafu, kondoo wakamaliza kuzaa, nyasi zikakatwa, na koo bado linakwaruza. Na vuli tulikuwa tumeshapanga kurekodi kwenye lile kanisa la zamani lililofungwa pale chini ya daraja, kwa sababu Colin anapenda jinsi sauti inavyorudi kutoka kwenye mawe. Nikamwambia, "Colin, siwezi, sauti haipandi, tuahirishe." Akaniambia, "Dada, fundi ameshafunga mitambo, kanisa limeshapashwa moto, we imba tu, tutachagua vipande vizuri." Vipande vizuri havikuwepo. Kila nilipopanda nilikuta ngazi imekatwa. Kuna wimbo mmoja wa mke wa mchunga kondoo anayemwita mumewe kwenye theluji, huo nimeuimba maisha yangu yote, na kwenye ubeti wa nne, pale anapomwita kwa jina mara ya mwisho, nilifungua mdomo hakikutoka kitu. Hewa tu. Nikasimama mdomo wazi kama samaki sokoni, Colin akaendelea kupiga kodiani kwa sababu hakujua afanye nini, halafu sauti ikarudi imepasuka, nikamalizia hivyo hivyo, nikatoka nje nikakaa kwenye ukuta wa makaburi nikalia. Nikamwambia fundi afute. Hakufuta.

Unajua Vaisey ameandika nini kuhusu pale? Nimeyakariri, Mungu anisamehe. "Katika ubeti wa nne Hedley ananyamaza, na ndani ya kimya hicho cha kijasiri tunasikia karne nzima ya wanawake waliosubiri." Ujasiri! Karne nzima! Bi Thirza, koo liliziba. Hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa anasubiri mle ndani, nilikuwa mimi nasubiri pumzi.

Colin alinisomea makala hiyo mezani wakati wa kifungua kinywa, machozi yanamlenga. Mimi na yeye tunaishi nyumba moja tangu mkewe alipoondoka.

"Sikia hapa, dada. 'Sauti iliyokwaruzwa na pepo za milimani.'"

"Haikukwaruzwa na upepo wowote."

"Ah, ndivyo wanavyoandika watu hawa."

"Basi hizo nyota aupelekee upepo."

"Avril, tumengoja siku hii tangu tuna meno ya utoto. Hebu furahi japo kidogo!"

Nilijaribu, nakuapia. Nilikwenda posta, watu wananishika mkono, mwenye duka la nyama akanipa soseji bure, kasisi akanitaja kwenye ibada. Kila anayenipongeza anagusa koo lake akisema "ile sauti, Avril, ile sauti yako ya sasa", nami natabasamu, na ndani nachemka, kwa sababu ni kama mtu amevunjika mguu halafu kijiji kizima kinamsifu kwa mwendo wa madaha.

Daktari nimekwenda, usidhani sikwenda. Norma wa posta, ambaye ndiye huimba sauti ya pili na mimi, alinikokota baada ya Krismasi mpaka hospitali kule Newcastle, daktari mwenyewe mwanamke, anaitwa Raman, ana mikono baridi, akanipitishia waya wenye kamera puani akanionyesha kwenye kioo kitu kimeota juu ya uzi mmoja wa sauti kooni, cheupe kama ukungu wa mkate, akasema kikatwe kikapimwe, nikapewa tarehe, ni mwezi ujao, lakini mwezi ujao huo huo ndio tumealikwa London kwenye ukumbi ule mkubwa wenye viti vyekundu ambao hata kuingia kama mtazamaji sijawahi, na tiketi zote zimeisha, na Vaisey mwenyewe atakuwepo, na baada ya hapo ni Bristol, ni Glasgow, ni matamasha ya kiangazi mfululizo.

Colin alipoona tarehe zimegongana alikuna kichwa, akasema, "Si ni kiuvimbe kidogo tu, dada? Subiri ziara ipite, ukatwe vuli."

"Na nikisimama pale London nikashindwa kuimba?"

"Si ndicho wanachotaka! Ukishindwa watapiga makofi zaidi."

Hapo ndipo birika lilipokwenda ukutani. Na chai ilikuwa ya moto. Akasimama anajifuta suruali huku anafoka, "Sasa sauti yako ya zamani ilitufikisha wapi? Ilitufikisha ukumbi wa Alwinton mbele ya wazee wanane na mbwa!"

"Yule mbwa anajua muziki kuliko Vaisey wako!"

Hatukusemeshana mpaka kesho yake. Halafu akampigia simu yule mama wa kampuni ya rekodi, Felicity, akamdokeza kwamba dada ana tatizo la koo, nami nasikia kwenye kipaza sauti, yule mama akajibu kwa furaha, "Mungu wangu, asije tu akalitibu!" Akacheka. Pengine ni utani wa huko kwao. Mimi sikucheka, na nilimtazama Colin nikaona naye hacheki, lakini pia hakusema neno.

Sasa lililonifanya nikuandikie limetokea Jumapili iliyopita. Unajua Jumapili alasiri huwa tunakutana chumba cha nyuma pale baa ya Kondoo Dume, kila mtu anaimba zamu yake, wengine na fidla zao, wengine na zumari. Tangu makala zitoke wanakuja wageni. Safari hii alikuwepo binti mmoja mwanafunzi kutoka Leeds, Imogen, msichana mzuri mwenye sweta la kijani, akaomba zamu, akafumba macho, akaanza ule wimbo wa mke wa mchunga kondoo. Mwanzo nilifurahi. Halafu nikasikia anakwaruza. Koo zima kabisa, koo la miaka ishirini, analikwaruza kwa makusudi kama mtu anayepiga msasa meza mpya. Nikasema moyoni, nyamaza Avril, mwache mtoto. Akafika ubeti wa nne. Akafungua mdomo. Akanyamaza. Bi Thirza, alinyamaza pale pale nilipokatika mimi, kwa urefu ule ule, mkono ameuweka kifuani, na watu chumba kizima wakashusha pumzi na kutikisa vichwa kwa utamu.

Nikajikuta nimesimama.

"We binti! Koo lako lina nini?"

Akashtuka. "Halina kitu, bibi. Naimba kama wewe."

"Basi imba kama wewe mwenyewe! Mimi ni mgonjwa! Unasikia? Hiyo unayoiga ni ugonjwa! Ungenikuta nachechemea ungechechemea?"

Mzee mmoja aliweka bia yake mezani polepole kama anaweka yai. Yule binti akalia, Norma akamkumbatia yeye, hakunikumbatia mimi, na Colin akanishika mkono akanitoa nje kwenye mvua.

"Umeona ulichofanya? Kesho Felicity atajua, keshokutwa magazeti."

"Wajue!"

"Wakijua ni ugonjwa hawatasikia tena wimbo, watasikia hospitali! Umeiharibu albamu, Avril. Umetuharibia wote wawili."

Basi ndiyo hali yangu. Mimi na Colin tunapishana ndani kama wapangaji. Na sitakuficha neno la mwisho, maana nikilificha barua itakuwa na tundu: ile makala ya Vaisey nimeikata nikaiweka kwenye droo ya vijiko, na Colin asipokuwepo naisoma. Naichukia na naisoma. Nimeimba vizuri miaka yote hiyo hakuna aliyegeuka, nimeimba vibaya mara moja dunia imesimama. Nikikatwa, daktari anasema sauti inaweza kurudi karibu na ilivyokuwa, au isirudi kabisa, hawezi kuahidi. Isiporudi nimekwisha. Ikirudi safi, nani ataitaka? Kitambaa cha meza tena?

Niambie, Bi Thirza. Nimwandikie Vaisey nimweleze ukweli nimwaibishe? Nivunje kazi na Colin? Niende London kwanza nikaimbe hivi hivi, angalau mara moja maishani nisimame kwenye ukumbi ule, halafu ndiyo nikatwe? Nijibu upesi, na usinibembeleze.

Ni mimi,
Avril Hedley, Whinlaw


BI THIRZA OGLE ANAJIBU

Sikubembelezi, Avril. Kwa kubembelezwa utafute padri.

Kwanza hasira yako ni halali, ninaitia muhuri kabisa. Umefanya kazi vizuri mpaka umezeeka nayo hakuna aliyesema asante, siku umeteleza wakakuita mcheza ngoma. Mimi ningekuwa wewe ningevunja birika na vikombe vyake. Tena nikwambie, maziko ya mama yangu nayakumbuka kwa mambo mawili, mvua na sauti yako, na asiyeisikia siku ile hana la kunifundisha juu ya Avril Hedley, awe na nyota tano awe na mbingu nzima.

Haya, nimemaliza kukuhurumia. Sasa keti.

Barua yako nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi. Vaisey umempa nafasi kubwa kuliko aliyokupa yeye. Felicity umempa aya, binti wa watu umempa ukurasa, birika nalo limezungumzwa sana. Daktari umempa nini? Umempa "kikatwe kikapimwe", maneno mawili, halafu hukuweka hata nukta, ukakimbilia viti vyekundu vya London. Kikapimwe nini, Avril? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe, kwa sauti hiyo hiyo iliyobaki. Daktari hapimi kitu anachokijua. Unajua anachotafuta, umejua tangu ulipotoka Newcastle, na umejaza nyumba makelele ili usilisikie neno hilo.

Na Colin, yule unayemwonyesha kama mkatili. "Kiuvimbe kidogo tu." Hayo maneno ni ya nani? Hakuwepo Newcastle, alikuwepo Norma. Hakukiona kile kioo. Mtu aliyemwambia Colin kwamba ni kiuvimbe kidogo yuko mmoja tu duniani, naye ameniandikia barua ndefu akilalamika kwamba ndugu yake haoni uzito wa jambo. Ulimpa nusu ya habari, akatoa nusu ya ushauri. Ni mjinga kwa kunyamaza Felicity alipocheka, hilo namdai mimi na nikikutana naye sokoni atalisikia. Lakini usimtie hatiani kwa jambo ulilomficha.

Unataka kwenda London kwanza. Nikusimulie. Marehemu mume wangu Edgar alikuta damu kwenye mkojo wakati wa kiangazi. Akasema, acha maonyesho ya kondoo yapite kwanza, Thirza, dume langu mwaka huu halina mpinzani. Ni kweli halikuwa na mpinzani. Lilipata utepe mwekundu wa mshindi, Edgar akapigwa picha nalo, anacheka. Picha hiyo ndiyo tuliyoiweka juu ya jeneza. Sitaki kuona picha yako kwenye ukumbi wowote ule.

Unaniuliza nani ataitaka sauti safi. Kisu hukiogopi sana, nimekufahamu. Unaogopa kupona halafu usisifiwe. Ni hofu ya kibinadamu na si dhambi, hata kuku akitaga hupiga kelele asikike. Makala iache kwenye vijiko, isome ukitaka, yule bwana hakudanganya: alisikia maumivu ya kweli na yalimgusa. Kosa lake ni kudhani uliyapika kwa ajili yake. Lakini wimbo ule uliishi kabla yake, na wewe ulikuwa unauimba kwa wazee wanane na mbwa ukarudi nyumbani roho kwatu. Hayo umeyaandika kwa mkono wako. Tangu usifiwe hujaandika kwamba umerudi nyumbani roho kwatu hata siku moja.

Basi fanya hivi. Leo, kabla ya chai, mwite Colin mezani umwambie maneno ya daktari yote mpaka mwisho, na neno lile la kutisha ulitamke wewe, usimwachie alikisie. Halafu yeye ndiye apige simu London kusema huendi. Yeye, si wewe, maana wewe sauti yako iwekwe akiba na yeye deni lake ni kusema alipokuwa amenyamaza. Vaisey usimwandikie. Ukimwandikia ukiwa mgonjwa atafanya ugonjwa huo makala nyingine, na utampa nyota mwenyewe. Mwandikie ukipona, kama bado utakuwa na haja naye.

Na yule binti mtafute umwombe radhi. Alikuiga kwa sababu anakupenda, na hakuna aliyemwambia kwamba unaumwa. Umemfokea mbele ya watu, umwombe radhi mbele ya watu, kisha umfundishe kupanda juu kwa koo zima alilopewa na Mungu.

Tarehe ya hospitali usiisogeze hata kwa nusu saa. Ukiisogeza usiniandikie tena. Nitakuja Whinlaw mwenyewe, na gari langu unalijua lisivyopenda mlima ule, kwa hiyo nitafika nimeshakasirika.


BAADA YA MAJIBU

Wasomaji wangu, barua hii na majibu yake vilikuwa vya majira ya machipuko. Sikuvichapa wakati ule kwa sababu jambo lenyewe halikuweza kungoja gazeti. Majibu niliyapeleka kwa mkono, na ni kweli gari lilizimika kwenye mlima. Avril aliyasoma amesimama mlangoni hata kunikaribisha hakunikaribisha, akaniambia, "Wewe hujui hata kuimba." Nikamwambia najua, na kwamba sikuja kuimba. Akaufunga mlango. Nilishuka mlima nikijua nimeshindwa. Sasa ameniruhusu kuchapa yote, na ameniomba nisilainishe kitu.

Alimwita Colin jioni ile. Alipolitamka lile neno, Colin alikwenda akafungua mlango wa nyuma akasimama anaangalia zizi kwa muda mrefu. Kesho yake akapiga simu London, Norma akiwepo, naye ndiye aliyenisimulia. "Hapana, mama Felicity. Haji. Si Juni, si Julai. Nimesema haji! Basi mwambie huyo Vaisey apande jukwaani aimbe yeye." Vaisey aliandika kwamba kujiondoa huko ni "hatua ya kisanaa yenye ujasiri". Avril alikuwa ameshakatwa wakati huo, amekatazwa kusema, anawasiliana kwa ubao mdogo na chaki. Aliposomewa aliandika neno ambalo mhariri wangu amekataa kulichapa, ingawa nimemwomba mara mbili.

Kile kitu kilikuwa saratani. Ilikuwa changa, haijatoa mizizi, wameitoa yote. Daktari Raman alimwambia kwamba kama angengoja vuli wangekuwa wanazungumza habari ya kuondoa sanduku la sauti zima.

Imogen alipanda Whinlaw akiwa bado na hofu, na radhi aliombwa kwa chaki, mbele ya Kondoo Dume nzima, ubao ukipitishwa kutoka mkono hadi mkono. Siku hizi anakuja kila wikendi. Sauti iliyorudi kwa Avril ni nzito kuliko ile ya zamani, juu haifiki, na ina mahali inapopita kwa taabu. Lakini safi ni safi. London hawajauliza habari zake na yeye hajawapelekea.

Maneno ya kwanza ya Avril baada ya kukatwa nilisimuliwa na Colin. Alikuwa anaosha vyombo huku anaimba wimbo wa kanisani, daktari ameshamruhusu dada yake kujaribu kusema lakini tangu asubuhi alikuwa anaogopa, ameketi tu mezani anaukunja ukingo wa aproni. Colin akafika kwenye kiitikio. Nyuma yake ikasikika sauti asiyoijua, kavu na ya chini, "Colin, umeshuka nusu sauti, unaua watu." Alikaa chini pale pale sakafuni, povu la sabuni mikononi, akalia, na dada yake akaendelea kumgombeza kwa kumwaga maji.

Na wewe unayesoma haya huku unasafisha koo lako kwa mara ya tatu, ukijiambia ni vumbi la nyasi tu, utakwenda hospitali kondoo wakishauzwa, utakwenda harusi ya mtoto ikipita: kunja gazeti hili sasa hivi ukapige simu.